Kurasa Tano za Selimundu na Hesabu ya Nukuu

Tarehe 6 Februari 1954 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilitoa andiko la kurasa tano lenye jina la mwandishi mmoja tu: Anthony Allison, daktari kijana wa miaka 28. Damu iliyozungumziwa humo ilitoka kwa watu wa Kenya na Uganda. Hoja yenyewe ilikuwa fupi. Mtu aliyerithi jeni ya selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, kutoka kwa mzazi mmoja tu, wala haugui ugonjwa wenyewe, hudhuriwa na malaria kidogo kuliko mtu asiye na jeni hiyo kabisa. Ndiyo maana jeni inayoua watoto walioirithi kwa wazazi wote wawili haijafutika katika nchi zenye mbu wengi. Kwa mara ya kwanza palikuwa na ushahidi wa damu kwamba uteuzi wa asili alioueleza Charles Darwin unafanya kazi ndani ya binadamu, kwenye jeni inayojulikana na kwa sababu inayojulikana.

Andiko hilo limekwisha kunukuliwa na wanasayansi wengine zaidi ya mara elfu moja. Ni heshima kubwa, kwa kuwa machapisho mengi ya kisayansi hayafikishi hata nukuu kumi. Hata hivyo, mwaka 2014 jarida la Nature lilipotoa orodha ya maandiko 100 yaliyonukuliwa kuliko yote, kiwango cha chini cha kuingia kilikuwa nukuu 12,119. Allison hakukaribia. Hata Watson na Crick, waliofichua umbo la DNA mwaka 1953, hawakuwamo. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Mmarekani Oliver Lowry, aliyeeleza mwaka 1951 namna ya kupima kiasi cha protini kwenye kimiminika. Andiko lake lilikuwa na nukuu 305,148.

Je, kupima protini ndani ya kikombe cha maabara ni jambo kubwa kuliko kugundua DNA ilivyosokotwa, au kuliko kueleza kwa nini watu wa Musoma wamebeba selimundu na watu wa Nyeri hawana? Lowry mwenyewe hakudai hivyo. Alikiri kwamba andiko lake halikuwa kubwa kihivyo, ingawa alifurahia kuona linavyotumika. Kila maabara iliyopima protini ililitaja, basi namba zikapanda. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili: nukuu huonyesha ni mara ngapi andiko limetumika, na andiko linaloeleza mbinu ya kazi litatumika kila siku kuliko andiko linalobadili namna ya kufikiri.

Kisa cha Allison kinastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ni kisa cha Afrika Mashariki na kwa sababu kinaonyesha mambo ambayo hesabu ya nukuu huyapitia pembeni.

Alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa East London, Afrika Kusini, akakulia Kenya kwenye shamba la wazazi wake karibu na Gilgil, juu ya Bonde la Ufa. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford kusomea udaktari. Mwaka 1949 chuo hicho kilituma msafara Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alichukua sampuli za damu kutoka makabila mbalimbali ya Kenya, akitaka kulinganisha makundi ya damu, na katika kazi hiyo akapima pia selimundu.

Alichokiona kilimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Katika nyanda za juu, walikokuwa watu wa asili zinazokaribiana na wengine wa pwani na ziwani, hawakufika hata mmoja katika kila 100. Ukabila haukueleza tofauti hiyo, wala lugha. Kilicholingana na ramani ya selimundu kilikuwa ramani ya malaria: joto, maji na mbu.

Wakati huo ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Daktari James Herrick wa Chicago alikuwa ameeleza mwaka 1910 chembe nyekundu za damu zilizojikunja mithili ya mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa kasoro iko ndani ya hemoglobini, wakauita ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram wa Cambridge angeonyesha kuwa tofauti nzima ni kijenzi kimoja tu cha protini: palipostahili kukaa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Swali ambalo hakuna aliyelijibu lilikuwa hili: kama watoto wenye jeni mbili za selimundu hufa kabla ya kuzaa, mbona jeni haipungui?

Allison alikuwa na jibu kichwani, lakini ilimbidi amalize kwanza masomo ya udaktari. Alirudi mwaka 1953. Karibu na Kampala alipima damu ya watoto 290 wa Kiganda. Kati ya watoto 43 wenye selimundu ya mzazi mmoja, 12 walikuwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasiokuwa nayo, walikuwa 113. Hiyo ni asilimia 28 dhidi ya 46. Mjini Nairobi alichukua wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, 15 wa kila kundi, akawaambukiza malaria kwa makusudi, akawafuatilia, kisha wakatibiwa. Katika kundi lisilo na selimundu, 14 kati ya 15 walionyesha vimelea. Katika kundi lenye selimundu walikuwa wawili tu.

Jaribio hilo la Nairobi halipaswi kupitwa kimyakimya. Kumwambukiza mtu malaria, katika koloni lililokuwa chini ya hali ya hatari, ni jambo ambalo leo lisingepita mbele ya kamati ya maadili bila maswali mazito kuhusu namna ridhaa ilivyopatikana. Wanaume hao 30 na watoto 290 wa Buganda ndio waliotoa ushahidi ambao ulimwengu unaunukuu. Hakuna kipimo cha nukuu kinachowahesabu.

Kisha akapanua kazi. Alipita Uganda, Kenya na Tanganyika akipima karibu watu 5,000 kutoka makabila zaidi ya 30, na katika sehemu fulani, kama Bwamba magharibi ya Uganda, alikuta wenye selimundu ya mzazi mmoja wakifikia takribani watu 40 katika kila 100. Mwaka huohuo wa 1954 alitoa maandiko mengine mawili kuhusu jambo lilelile, moja kuhusu mtawanyiko wa jeni hiyo na jingine likieleza hesabu za jenetiki zinazoifanya isimame mahali pamoja bila kupanda wala kushuka.

Kwa msomaji wa Tanzania, kazi yake nzuri kuliko zote huenda ni ile aliyoichapisha mwaka 1956, yenye takwimu za Musoma. Alilinganisha watoto wachanga na watu wazima. Miongoni mwa wachanga 287, waliokuwa na selimundu ya mzazi mmoja walikuwa 89. Kanuni za urithi zilitabiri 87. Karibu sawasawa. Miongoni mwa watu wazima 654, utabiri ulikuwa 208, lakini waliokutwa walikuwa 249. Na wenye jeni mbili, yaani wagonjwa wenyewe, walitarajiwa kuwa 26 hivi. Waliokutwa hai walikuwa watano. Ukizisoma namba hizo taratibu utaona kilichotokea kati ya utoto na utu uzima ufukoni mwa Ziwa Viktoria: selimundu iliondoka na watoto wenye jeni mbili, malaria ikaondoka na wengi waliokuwa hawana hata moja, na waliokuwa katikati wakabaki. Ni jedwali dogo, watu na hesabu tu, na bado linafundishwa katika vitabu vya jenetiki duniani kote.

Sasa lipo jina jingine ambalo wasomaji wachache wamelisikia. E. A. Beet alikuwa daktari wa serikali huko Balovale, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1946 aliandika kwamba wagonjwa wake wenye selimundu walikutwa na vimelea vya malaria mara chache kuliko wengine. Aliyachapisha hayo katika East African Medical Journal, jarida la Nairobi. Mwaka 1949 alieleza pia namna selimundu inavyorithiwa, akifuatilia ukoo katika kabila moja la Kibantu. Mwaka huohuo James Neel wa Marekani alichapisha hitimisho hilohilo katika Science. Neel akawa ndiye anayetajwa zaidi. Beet, aliyekuwa peke yake porini akiwa na hadubini na wagonjwa, alibaki katika tanbihi za wachache wanaojali historia.

Hakuna aliyemnyang'anya Beet kitu. Sehemu ya tofauti huenda ilikuwa jarida. Science lilifika kwenye maktaba za vyuo vikuu vya nchi nyingi. Jarida la Nairobi, lililobeba andiko lake la 1946, lilisomwa na madaktari wa koloni. Na pale mfumo wa kuhesabu nukuu ulipoanzishwa, ulianza kwa kuhesabu majarida yaliyokuwa tayari na sauti.

Mwanzilishi wa mfumo huo ni Eugene Garfield wa Philadelphia. Mwaka 1955 alipendekeza orodha ambayo ingemwezesha mtafiti kuona nani amemtaja nani, ili aweze kufuata wazo kutoka andiko hadi andiko, na pia ili ajue kama andiko analolitegemea limekwisha kupingwa. Nia ilikuwa utafutaji. Orodha yake ya nukuu za sayansi ilianza kutoka miaka ya 1960, na jenetiki ndiyo iliyokuwa uwanja wa kwanza wa majaribio yake. Baadaye kidogo wasimamizi wa vyuo waligundua kwamba chombo cha kutafutia kinaweza kutumika kupimia watu.

Kufikia mwaka 2014 hazina iliyotokana na orodha hiyo ilikuwa na machapisho milioni 58 hivi. Waandishi wa Nature walipiga hesabu inayotuhusu sisi wa ukanda huu: ukichapa ukurasa wa kwanza tu wa kila andiko na kuzipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine, rundo litakaribia kilele cha Mlima Kilimanjaro. Maandiko yenye nukuu 1,000 au zaidi yangekuwa mita moja na nusu ya juu kabisa. Yale mia ya juu yangekuwa sentimita moja. Upande wa chini, karibu nusu ya mlima ni maandiko yaliyonukuliwa mara moja tu au hayakunukuliwa kabisa. Kwa kipimo hicho, andiko la Allison la 1954 limo katika mita ile moja na nusu ya kileleni, na bado halionekani kwa mtu anayetazama sentimita ya mwisho.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliongeza kipimo kingine ambacho leo kila mhadhiri anakijua. Mtafiti mwenye machapisho 12 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 12 ana alama 12. Mwenye 40 yaliyonukuliwa angalau mara 40 kila moja ana alama 40. Kina uzuri wake: hakimpi sifa mtu mwenye rundo la maandiko yasiyosomwa na yeyote. Lakini mtu aliyeandika chapisho moja tu, likabadili sayansi na kunukuliwa mara 10,000, atapata alama moja. Na alama haiwezi kushuka: mtafiti aliyeacha kazi miaka kumi iliyopita anaendelea kupanda wakati kijana aliye maabara usiku huu yuko chini.

Mfano wa Frederick Sanger unatosha. Mwingereza huyu ndiye aliyesoma kwanza mpangilio mzima wa protini, insulini, akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1958. Kisha akavumbua njia ya kusoma herufi za DNA, akapata Nobel ya pili mwaka 1980. Andiko lake la 1977 kuhusu njia hiyo lilikuwa la nne katika orodha ile ya Nature, kwa nukuu 65,335, na mradi wa kusoma jenomu ya binadamu uliokamilika mwaka 2003 uliitegemea. Lakini Sanger hakuwa mtu wa kuchapisha kila mara. Alipofariki mwaka 2013, Sydney Brenner, mwanabiolojia wa Afrika Kusini mwenye Nobel yake mwenyewe, aliandika kwamba Sanger asingedumu katika sayansi ya leo. Kamati fulani ingeona pengo la miaka mingi kati ya insulini na kazi yake ya RNA ya miaka ya 1960, halafu pengo jingine hadi 1977, ikamhesabu mvivu. Gregor Mendel, aliyechapisha sheria za urithi mwaka 1866 na kupuuzwa hadi 1900, asingepata hata kazi ya muda.

Kuna sababu nyingine inayofanya kazi ya Allison ionekane ndogo kwenye hesabu kuliko ilivyo, nayo si uonevu. Mwanasosholojia Robert Merton aliieleza zamani: ugunduzi ukishakubalika kabisa, watu huacha kumtaja aliyeugundua. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayejibu swali la mtihani kuhusu selimundu na malaria haandiki Allison 1954. Mwandishi wa kitabu cha biolojia hueleza kisa kizima bila tanbihi. Hata watafiti wa malaria huanza maandiko yao kwa kutaja uhusiano huo kama jambo linalojulikana, wakinukuu mapitio ya juzi. Wazo limeingia katika maarifa ya kila mtu, na nukuu zimekoma hapo lilipofanikiwa zaidi.

Orodha ya machapisho ya Allison mwenyewe inaonyesha upande wa pili. Hakubaki kwenye selimundu. Akiwa London katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill alichunguza jinsi vumbi la silika linavyoua chembe za kinga kwenye mapafu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Nairobi kuongoza ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyokuja kuunganishwa na kuwa ILRI. Kisha akahamia California katika kampuni ya dawa ya Syntex, ambako yeye na mkewe, mtafiti Elsie Eugui, walikuza dawa ya mycophenolate mofetil. Mwaka 1995 iliidhinishwa Marekani kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Watu wengi wanaoishi leo na figo ya ndugu yao wanaimeza. Mapitio waliyoandika kuhusu utendaji wa dawa hiyo yamenukuliwa sana na madaktari wa upandikizaji, watu ambao huenda hawajui kabisa kwamba mwandishi huyo ndiye aliyepima damu ya watoto wa Buganda. Alifariki mwaka 2014.

Ukimtazama kwa alama moja ya nukuu, maisha hayo matatu yanachanganywa kuwa namba. Hujui kwamba moja lilibadili nadharia, jingine likaokoa figo.

Na kazi ya selimundu haikusimama. Mwaka 2002 watafiti waliofuatilia watoto wa Asembo Bay, magharibi ya Kenya, walionyesha kuwa selimundu ya mzazi mmoja hupunguza vifo vya watoto wa miezi 2 hadi 16 kwa takribani asilimia 60. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, lilipima kinga hiyo kwa undani: asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, 75 dhidi ya kulazwa hospitali, na 90 hivi dhidi ya malaria kali. Nusu karne baada ya kurasa zile tano, hoja ilikuwa imepata vipimo.

Kilifi pia ndiko kulikotoka andiko la Septemba 2020 katika Nature ambalo mwandishi wake wa kwanza ni Mkenya, Silvia Kariuki. Walichunguza aina adimu ya damu iitwayo Dantu, inayopatikana zaidi pwani ya Kenya. Kwa kutumia damu ya watoto 42 wenye afya waligundua kwamba utando wa chembe zao nyekundu umekazwa mno kiasi kwamba kimelea cha malaria kinashindwa kupenya. Jina la mwandishi wa kwanza lina uzito, kwa kuwa katika biolojia nafasi ya kwanza ni ya aliyefanya kazi na ya mwisho ni ya aliyeongoza maabara. Waliopo katikati huwa ni wasaidizi machoni mwa kamati.

Katikati hapo ndipo Waafrika wamekaa kwa muda mrefu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha katika Nature Genetics kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki hunywa maziwa ukubwani bila kusumbuka tumbo kwa sababu ya badiliko la jeni lililoibuka huku kwetu, tofauti na lile la Wazungu. Sampuli 470 zilitoka Tanzania, Kenya na Sudan. Thomas Nyambo na Godfrey Lema wa chuo cha tiba cha Muhimbili, Dar es Salaam, Sabah Omar wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Muntaser Ibrahim wa Khartoum wamo katika orodha ndefu ya waandishi, ndani ndani. Nyambo yumo pia katika utafiti wa 2009 wa jamii 121 za Afrika uliotoka katika Science. Bila mtu aliyejua wapi pa kwenda Manyara na Arusha, nani wa kuombwa ruhusa na kwa lugha gani, kusingekuwa na andiko. Kwa hesabu ya nukuu, kila aliyemo anapata namba ileile. Kwa macho ya kamati ya ajira ya chuo cha mbali, mtu wa katikati hapati karibu chochote. Vipimo vyote viwili vinakosea, kila kimoja kwa upande wake.

Muhimbili kuna mfano mwingine unaostahili kusemwa kwa sauti. Julie Makani, daktari wa damu aliyezaliwa Arusha, alianza na wenzake mwaka 2004 kufuatilia wagonjwa wa sikoseli, yaani wenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, jijini Dar es Salaam. Mwaka 2011 walichapisha katika PLoS ONE takwimu za wagonjwa 1,725, yeye akiwa mwandishi wa kwanza. Kati yao 86 walifariki, yaani karibu wawili kwa kila wagonjwa mia kwa mwaka. Namba hiyo haikuwapo kabla. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye sikoseli kila mwaka, na bila kujua wanakufa lini na kwa nini, hakuna wizara inayoweza kupanga uchunguzi wa wachanga, penisilini ya kinga au dawa ya hydroxyurea. Nukuu za andiko hilo hazitafikia za Lowry kamwe. Thamani yake iko katika kliniki.

Tukirudi kwenye vyuo vyetu, mhadhiri wa Nairobi, Dar es Salaam au Makerere hupandishwa cheo kwa pointi, na pointi hutokana kwa sehemu kubwa na idadi ya machapisho na aina ya majarida. Nia ni nzuri: inazuia upendeleo wa mkuu wa idara na inamlazimisha profesa afanye utafiti. Madhara yake yanaonekana. Wapo wanaokata utafiti mmoja vipande vinne ili wapate pointi nne. Yapo majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote mradi ada imelipwa. Wapo wanaokimbia swali la wilaya yao, kwa sababu jarida kubwa la Ulaya halitalipenda, wakaishia kuwa wakusanyaji wa sampuli wa watu wengine. Na jarida la heshima linaweza kugharimu: mwaka 2021 Nature lilianza kutoza euro 9,500 kwa andiko linalosomwa bure na umma. Majarida yetu ya nyumbani, ambayo daktari wa Bariadi au Kisumu angeyasoma, mengi hayamo kabisa katika hazina zinazohesabu nukuu. Hali ya Beet haijaondoka.

Wanasayansi wenyewe wamekwisha kulikemea jambo hili. Desemba 2012, kwenye mkutano wa wanabiolojia wa chembehai huko San Francisco, lilianzishwa azimio linalotaka umaarufu wa jarida usitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja. Mwaka 2015 wataalamu wa vipimo vya sayansi walitoa kanuni kumi za Leiden, mojawapo ikidai kulindwa kwa utafiti wenye umuhimu wa mahali husika. Vyuo na wafadhili wengi duniani wametia saini azimio la San Francisco. Kutia saini ni rahisi. Kinachotakiwa ni kamati ya upandishaji vyeo kumwomba mwombaji achague machapisho yake matatu au manne bora, aeleze alifanya nini mwenyewe katika kila moja, na wanakamati wayasome kabla ya kikao. Inachukua muda mrefu kuliko kufungua ukurasa wa namba. Mtu anayekaa kwenye kiti cha kuamua maisha ya mtafiti anawajibika kutoa muda huo.

Nukuu zisitupwe. Zinamsaidia mtafiti wa Mwanza kujua nani mwingine anashughulika na swali lake, zinafichua andiko lililopingwa, na zinampa kijana asiye na jina ushahidi wa kumwonyesha mfadhili. Hiyo ndiyo kazi aliyoikusudia Garfield, na bado inafaa.

Kwa anayetaka kujihukumia mwenyewe, andiko la Allison la Februari 1954 linapatikana bure katika PubMed Central, hazina ya machapisho ya tiba ya serikali ya Marekani, na lile la Makani la 2011 ni la bure pia. La kwanza ni kurasa tano, na majedwali yake mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyafuata kwa kalamu na karatasi. Mwalimu wa biolojia anayefundisha Kenya au Uganda alichape na kulipeleka darasani: damu iliyomo ni ya watu wa huko.